Seva ya Wengi na Mashine ya Mmoja

Swali la mahali zinapostahili kukaa zana za mwandishi wa programu, ama katika seva inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, ama katika mashine iliyo mezani pake mwenyewe, lina umri karibu sawa na umri wa fani yenyewe, na kila kizazi hulijibu kwa kutazama bei ya vyuma vya zama zake, kikisahau kwamba kizazi kilichotangulia kilikwisha kulijibu kinyume. Vyuma vikiwa ghali, watu hushirikiana. Vikishuka bei, kila mtu hujitenga na chake. Na kazi zikizidi uwezo wa mashine ya mtu mmoja, watu hurudi tena kushirikiana. Hoja yangu ni kwamba bei, ingawa ndiyo iwasukumayo watu huku na huko, siyo iletayo madhara. Madhara hutoka katika dhana iliyofichika ndani ya zana zenyewe, dhana ya kwamba mashine hii ina mwenyewe mmoja, naye ndiye aliyeketi mbele yake.

Zamani mwandishi wa programu alitoboa kadi zake, akazikabidhi kwa mhudumu wa kompyuta, akaenda zake, na akarudi baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake, kuambiwa kwamba amesahau alama moja katika mstari wa tatu. John McCarthy alipendekeza mwaka 1959 kwamba mashine moja igawe wakati wake baina ya watu wengi, kwa vipande vidogo hata kila mmoja adhani anahudumiwa peke yake, na Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, wakaonyesha mfumo wa namna hiyo, CTSS, juu ya mashine ya IBM 709. Hapo ndipo zilipozaliwa zana za maandishi ya programu kama tuzijuavyo: kihariri kinachojibu papo hapo, mafaili yenye wenyewe, na nywila ya kumtenga mtu na mwenziwe.

Corbató alipopewa tuzo ya Turing ya mwaka 1990, alisimulia katika hotuba yake kisa kimoja cha mfumo ule ambacho kila msimamizi wa seva angefaa kukihifadhi. Kihariri cha CTSS kilitungwa kwa kudhani kwamba katika saraka moja hapatakuwa na zaidi ya mtu mmoja anayehariri kwa wakati mmoja. Kwa hivyo faili lake la muda lilipewa jina lile lile siku zote. Ikatokea siku moja wasimamizi wawili wakafanya kazi katika saraka moja ya mfumo, huyu akihariri tangazo la siku ambalo kila mtumiaji huliona aingiapo, na yule akihariri orodha ya nywila za watumiaji wote. Mafaili ya muda yakabadilishana mahali, na kila aliyeingia baada ya hapo akachapiwa orodha kamili ya nywila za wenziwe. Hapakuwa na mwizi wala mwenye nia mbaya, na mashine haikuharibika. Palikuwa na zana moja tu iliyodhani iko peke yake.

Kizazi kilichofuata kilijifunza somo hilo kwa lazima. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga Unix mwaka 1969 katika maabara ya Bell, walijenga mfumo ambao hatimaye kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na lina wengine, na kila mmoja wa hao watatu amepewa haki zake mbalimbali. Mashine ya PDP-11/45 waliyoieleza katika makala yao ya mwaka 1974 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 144, na mfumo wenyewe ulichukua 42 kati ya hizo. Kilobaiti zilizobakia ndizo walizogawana watumiaji wote. Katika dhiki ile hapakuwa na nafasi ya zana lafi. Kila programu ilifanya kazi moja, ikamaliza, ikatoka. Nasema hivi bila ya kuwatukuza wazee wale kupita kiasi, maana adabu yao ilitokana na uhaba, na uhaba ulipoondoka adabu nayo ikaondoka.

Uhaba uliondoka kwa hatua zinazojulikana. Mwaka 1973 maabara ya Xerox huko Palo Alto ilitengeneza Alto, mashine ya mtu mmoja yenye kioo chake na kipanya chake. Mwaka 1981 ikaja kompyuta ya IBM ya watu wa kawaida. Na mwaka 1982 ikaundwa kampuni ya Sun, iliyouza mashine za mezani zenye nguvu kwa wahandisi. Kuanzia hapo zana zikakua ndani ya nyumba yenye mtoto mmoja. Nchini Tanzania historia ilikwenda upande mwingine, kwa maana serikali, baada ya kuumwa na mradi wa kompyuta za Hazina, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku yaliyolegezwa baadaye, na matokeo yake, kwa maoni yangu, ni kwamba wengi wetu tuliikuta kompyuta ikiwa tayari ni chombo cha mtu mmoja, bila ya kupitia zama ambazo mtu alilazimika kumfikiria jirani yake kila alipobonyeza kitufe. Adabu ya mashine ya pamoja hatukurithishwa.

Sasa tuitazame zana ya leo kwa karibu. Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Visual Studio Code, kihariri ambacho kimeenea hata wanafunzi wengi hawajapata kutumia kingine. Mwaka 2016 ukatangazwa utaratibu wa kukigawa kihariri na ujuzi wake wa lugha, hivi kwamba programu iitwayo seva ya lugha huisoma kodi, huielewa, na kukiambia kihariri wapi pana kosa. Na mwaka 2019 kikapata uwezo wa kujigawa sehemu mbili, uso ukabaki katika kompyuta mpakato ya mtumiaji, na kiwiliwili kikaenda kukaa katika seva ya mbali kwa njia ya SSH. Kwa mtumiaji jambo hili ni raha tupu. Haoni tafauti yoyote ila jina la seva lililoandikwa katika pembe ya dirisha.

Lakini msimamizi wa seva akiandika amri ya top huona mambo mengine. Huona kwamba mara ya kwanza mtu alipojiunga, zana ilijisakinisha katika saraka yake ya nyumbani, chini ya jina lianzalo na nukta ili isionekane, ikachukua mamia ya megabaiti. Kwamba imewasha michakato kadhaa ya node, mmoja wa kufuatilia mafaili yakibadilika, mwingine wa kuendesha viongezo. Na kwamba mradi ukiwa wa Java, seva ya lugha hiyo yaweza peke yake kula gigabaiti moja au zaidi, iwe mwenyewe anaandika au amekwenda kunywa chai. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na kila mmoja anashika gigabaiti moja na nusu: hizo ni gigabaiti 60 kabla hata programu moja ya mwanafunzi haijaendeshwa. Zana hizi huingia katika seva kama mpangaji aliyezoea kukaa nyumba nzima peke yake, akahamia penye vyumba sita na ua mmoja, akaanika nguo zake katika kamba zote tangu asubuhi. Hamkusudii mtu ubaya. Hajui tu kwamba kamba ni za watu wote.

Kumbukumbu ikiisha, Linux huchagua mchakato wa kuuawa, na kipimo chake kikubwa ni ukubwa wa kumbukumbu iliyoshikwa, wala si haki. Kwa hivyo yamkini atakayeuawa si yule aliyefungua madirisha matano ya kihariri, bali ni yule ambaye hesabu yake kubwa imekuwa ikiendeshwa kwa siku tatu, na hilo ndilo hasa jambo ambalo seva ilinunuliwa kulifanya. Ndiyo sababu vituo vingi vya kompyuta kubwa za utafiti vimeweka kanuni za kuzuia au kubana zana za namna hii katika mashine za kuingilia. Kanuni hizo huwaudhi watumiaji, nami nawahurumia pande zote mbili, kwa kuwa kanuni imeandikwa kwa mtu, ilhali kosa liko katika zana.

Hatari ya pili haina kelele. Zana nyingi za siku hizi, hasa za tovuti na za hesabu za data, hufungua mlango wa mtandao katika anwani ya 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, na waliozitunga wakaona kwamba huo ni usalama wa kutosha, kwa kuwa mtu wa nje hawezi kuufikia. Katika kompyuta ya mtu mmoja hoja yao ni sahihi. Katika seva ya pamoja, kila aliyeingia ni mtu wa ndani, na mlango ule uko wazi kwa kila mtumiaji wa mashine ile. Madaftari ya Jupyter, ambayo mtu huandika ndani yake amri na kuziendesha, yalikuwa hayaulizi nywila pasipowekwa na mwenyewe, mpaka toleo la 4.3 la mwishoni mwa 2016 lilipoanza kudai ufunguo kwa kawaida. Kabla ya hapo jirani katika seva angeweza kulifungua daftari lako na kuandika amri kwa jina lako. Kadhalika anayeandika nywila ya hifadhidata katika mstari wa amri huionyesha kwa yeyote atakayeandika ps, amri ya kuorodhesha michakato, isipokuwa msimamizi amelifunga jambo hilo. Na anayeruhusu funguo zake za SSH zifuatane naye hadi kwenye seva humpa mwenye mamlaka ya root uwezo wa kuzitumia kwa muda wote ambao muunganisho uko wazi. Ukiyatazama haya yote utaona kisa cha CTSS kimerudi, kimevaa nguo nyingine.

Walakini haingekuwa insafu kuinyima seva sifa zake, nazo ni kubwa. Zipo kazi ambazo haziingii kabisa katika mashine ya mtu. Google ilieleza katika makala ya 2016 kwamba hazina yake moja ya kodi, kwa hesabu ya Januari 2015, ilikuwa na terabaiti 86 na mistari ipatayo bilioni mbili; hakuna mpakato wa kubeba hayo, kwa hivyo watumishi wake hupewa mwonekano tu wa hazina, na kazi ya kukompaili hugawanywa katika mashine nyingi. GitHub nayo ilieleza mwaka 2021 namna ilivyowahamisha waandishi wake kutoka katika mashine zao, kwa kuwa hazina yake kuu ilikaribia gigabaiti 13 na kuinakili tu kulichukua dakika 20. Sifa nyingine ni usawa wa mazingira, hata isiwepo ile kauli ya kila siku kwamba programu inafanya kazi kwangu, sijui kwako ina nini. Na iko sifa moja ambayo watu wa kwetu wataielewa upesi kuliko watu wa California: umeme ukikatika, mashine ya mezani huzimika pamoja na kazi yake, lakini aliyefungua kikao cha tmux katika seva iliyo mahali penye jenereta huweza kurudi baada ya saa mbili akaikuta kazi yake ikiendelea kama alivyoiacha.

Hapa lakini inapasa kutenganisha mambo mawili ambayo jina la seva limeyafumbata pamoja, nayo ni umbali na ushirika. GitHub haikuwaweka waandishi wake wote katika mashine moja. Ilimpa kila mmoja mashine yake ya kimtandao, yenye kumbukumbu yake na milango yake, ambayo huwashwa anapoitaka na kuzimwa akimaliza. Wanashirikiana vyuma, hawashirikiani mashine. Dhana ya zana kwamba iko peke yake inabaki kuwa kweli, na kwa hivyo zana haikosi. Wanaopendekeza seva kwa kutaja mifano ya kampuni hizi, kisha wakanunua mashine moja na kuwafungulia watu mia, wamechukua jina wakaacha maana.

Umbali nao una ushuru wake, na ushuru huo hausamehewi na sheria za maumbile. Nuru ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Kwenda na kurudi ni milisekunde 75 kwa uchache, na mikongo haipiti mstari ulionyooka, hufuata bahari, Shamu na Suez na Mediterania, au huzunguka kusini. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani, ambazo jibu lake haliwezi kurudi chini ya karibu nusu sekunde, na anayekumbuka kuandika amri katika seva ya mbali zama zile anakumbuka namna herufi zilivyochelewa kuonekana, mpaka mtu akasahau ameandika nini. Programu ya Mosh, iliyotolewa mwaka 2012, ilipunguza adha hiyo kwa kuibashiri herufi na kuionyesha kabla seva haijajibu, na hiyo ni hila njema, ila haiwezi kuubashiri mkongo uliokatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja, na Tanzania, Kenya na majirani zao wakakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Siku zile mwenye kodi yake na kihariri chake mezani aliandika, na mwenye vyote katika seva ya Ulaya alitazama kioo. Kituo cha seva cha Cape Town, kilichofunguliwa na Amazon mwaka 2020, kimepunguza masafa, hakikuondoa bahari. Seva iliyo chuoni humo humo, au katika jengo la ofisi, ndiyo pekee isiyolipa ushuru huu, na kwa hivyo, kwa nchi zetu, seva ya karibu yenye watu wengi ina thamani ambayo vitabu vya wenzetu haviitaji.

Kutokana na haya nadhani kipimo kizuri si ukubwa wa mashine, bali ni kuuliza kila zana inamjibu nani. Zana inayoujibu mkono, yaani kihariri, ukaguzi wa kodi, na kutazama ukurasa unapoutengeneza, na ikae karibu na mkono. Zana inayoijibu data, yaani kukompaili mradi mkubwa, kufunza modeli, na kufanya majaribio ya saa nyingi, na ikae karibu na data, na baina ya mbili hizo pawe na git au rsync ya kubeba mabadiliko. Rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, hutuma sehemu zilizobadilika tu, na kwa mwenye bando la kupima jambo hilo si dogo.

Atatokea mtu aseme kwamba kanuni hii ni ya matajiri, kwa kuwa mwanafunzi mwenye mpakato wa gigabaiti nne hana nafasi ya kukaa na seva ya lugha mezani pake, na seva ya chuo ndiyo wokovu wake. Ni kweli, wala sina haja ya kumpinga. Lakini mwanafunzi huyo huyo akifundishwa kutumia vim au nano katika seva atatumia megabaiti chache tu, yeye na wenziwe mia, na hakuna atakayemwangusha mwenziwe, kwa sababu zana hizo ni za ukoo uliolelewa katika mashine za pamoja. Linalosikitisha ni kwamba somo la siku ya kwanza katika vyuo vingi huanza na kihariri kizito, kwa hoja kwamba ndicho kitumikacho kazini, kisha mwezi wa pili watu hulalamika kwamba seva ni mbovu.

Dawa ya kiufundi ipo, tena kitambo. Paul Menage na Rohit Seth wa Google walianza mwaka 2006 kazi ya kuiwezesha Linux kuyafunga makundi ya michakato ndani ya mipaka ya kumbukumbu na prosesa, na kazi hiyo, iitwayo cgroups, iliingia katika kiini cha 2.6.24 mnamo Januari 2008. Leo kila seva inayoendeshwa na systemd humweka kila mtumiaji katika fungu lake tangu anapoingia, lakini fungu hilo kwa kawaida halina kikomo cha kumbukumbu mpaka msimamizi akiandike, na kukiandika ni mstari mmoja, uitwao MemoryMax, katika faili moja. Akipita mtumiaji kiasi chake, michakato inayouawa ni ile ya fungu lake, na jirani hapati habari.

Ninawaomba basi wasimamizi wa seva za vyuo na ofisi zetu waache kubandika matangazo ya kuwakataza watu zana wanazozipenda, kwa maana matangazo hayasomwi, wala zana haisomi kabisa. Mstari wa MemoryMax uandikwe kabla ya mtumiaji wa kwanza kupewa nywila, ps ifungwe isionyeshe michakato ya wengine, na saraka za nyumbani ziwekewe kiasi. Seva ambayo haijafanyiwa hayo haijawa tayari kufunguliwa kwa wanafunzi, hata ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 500.